Kishikizo cha Saba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba yale matone mapya yanakuwasha, na kwamba unaificha chupa chini ya mto. Acha ukaidi, Baba, yatumie. Sisi huku ni wazima. Mdogo ameota meno mawili na ananing'ata, dada yake ameanza kuandika jina lake kwenye kila ukuta. Mimi nimechoka tu, uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao.

Najua anayekusomea ni Mama. Mama, shikamoo. Nakuomba usome kila mstari, hata ule utakaotamani kuuruka.

Naanza na gari, maana najua huliulizia kabla ya wajukuu. Ulipomkabidhi mkweo ulisema hutalipanda mpaka liwe kama lilivyokuwa siku ulipolinunua, naye akayashika maneno hayo kama kiapo. Injini ameimaliza, viti vimeshonwa. Kikabaki kitu kimoja, ule ukanda wa kung'aa wa mlango wa mbele wa kushoto, uliopotea nikiwa na miaka tisa. Nao ndio upande utakaokaa wewe, sasa kwa kuwa huendeshi tena. Namjua baba yangu. Utatoa mkono dirishani uupapase mlango, na vidole vyako vitaona kabla ya macho. Ukanda huo hauuzwi popote, kwa hiyo mkweo akaamua kuutengeneza nyumbani. Nyumbani maana yake ni mezani kwangu.

Baba, nimevumilia. Jiliwa lake la kubania vyuma limefungwa kwenye meza ya kulia, sisi tunakula mkekani kama wageni waliozidi. Kisukumio changu cha chapati kimekunjiwa alumini mpaka kimekuwa na mabonde. Taulo la mtoto limekuwa jeusi kwa dawa ya kung'arishia, na nikiuliza naambiwa lilikuwa laini kuliko matambara. Siku nilipotoa chembe ya bati kwenye uji wa mdogo, sikugomba. Nilifagia chembe zote zilizokuwa sakafuni nikazimimina ndani ya viatu vya kazini vya mkweo. Alipovaa alielewa. Tangu hapo anafagia mwenyewe.

Ukanda wa kwanza ulipasuka kwenye kona. Wa pili ulijikunja kama soksi. Wa tatu ulitoka vizuri ajabu, akaja kunivuta kutoka kwenye beseni la nguo na mikono yangu ina povu, nikashuhudie. Akaupachika mlangoni. Ile ncha nyembamba ilitazama nyuma, na alipougeuza ncha ikae mbele, mkunjo ukawa juu badala ya chini. Alikuwa amechora umbo kwenye karatasi juu ya mlango wa kulia, akasahau kuigeuza karatasi. Wiki tatu za meza yangu, na sasa tuna kanda mbili za kulia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikajikuta nalia. Yeye alikaa juu ya ndoo, ametulia kama mtu aliyegundua amelia kwenye msiba usio wake.

Kesho yake akasema ameelekezwa kwa mzee mmoja anayelijua bati kuliko mtu yeyote. Aliyeingia mlangoni alikuwa Mzee Brashi, yule yule fundi wako wa rangi wa zamani.

Usikunje uso, Baba. Mkweo hakujua mlivyokosana. Mimi ndiye niliyejua, nikamkaribisha kiti, nikashindwa kumtazama. Amezeeka. Kitu cha kwanza aliomba sabuni ya kuogea. Nilidhani ananawa, kumbe anaipaka kwenye alumini. Aliipitisha juu ya moto taratibu, sabuni ikawa nyeusi, akasema hapo ndipo bati limelegea, ukiligonga kabla litapasuka. Sabuni yenyewe ilikuwa ya mtoto, bila shaka. Katika nyumba hii hakuna kingine kinachochukuliwa. Kisha akachonga kalibu ya mbao yenye umbo la mlango wa kushoto, akaulaza ukanda juu yake, akaugonga kwa nyundo ya mbao siku mbili, mdogo mdogo, kwa mlio wa upole hivi kwamba mwanangu, anayeamshwa na kijiko kikianguka, alilala usingizi mzito.

Siku ya tatu alikuja kuufunga. Mkweo alikuwa kazini. Aliniomba vile vishikizo vidogo vinavyokaa nyuma ya ukanda, akavipanga kimoja kimoja kiganjani. Akasema bila kunitazama, "Ule wa zamani niliufunga mwenyewe, mwanangu. Vishikizo saba. Nilivihesabu hivi hivi."

Baba, hakusema uongo. Ulipolileta gari kutoka kwake limepakwa rangi mpya, ukanda ulikuwepo. Mimi ndiye niliyeung'oa. Ulikuwa unang'aa, nilitaka kujiona uso. Niliuvuta ncha ukatoka wote, ukapinda mikononi mwangu, nikaogopa. Nyumba ya jirani walikuwa wamechimba msingi. Niliutupa humo, na asubuhi wakamwaga zege. Wewe ulipoona mlango mtupu ulikwenda kwake, ukamwita mwizi mbele ya wateja wake. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimekushika shati. Nilinyamaza siku hiyo, na nimenyamaza miaka kumi na saba, huku ninyi mliokuwa mkishinda pamoja mkipishana njiani kama watu wasiojuana.

Nilimwambia yote, nimesimama pale uani na mtoto mgongoni. Aliweka vishikizo chini, akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu mno kwa mikono iliyokuwa safi. Aliporudi aliuliza tu kama sabuni imebaki. Alifunga vishikizo sita, kisha akaniomba nikuambie kwamba ukanda umetengenezwa na mkweo, yaishe.

Nimekataa. Nilimwomba asikifunge cha mwisho, na mkweo nimemkataza kukigusa. Vishikizo sita vimekaza. Cha saba kiko kwenye kopo la chumvi, mahali pekee ambapo watu wa nyumba hii hawachukui kitu bila kuniuliza. Mzee Brashi atakifunga siku utakayokuja, wewe ukiwa umesimama pembeni yake, na utamwomba radhi kwanza. Mimi nitakuomba wewe. Unikasirikie utakavyo, nimestahili, lakini gari halitatoka uani kabla ya hapo. Funguo ninazo mimi.

Mama, umesoma vizuri, asante. Mpe Baba maji ya kunywa.

Wajukuu wanawashika miguu. Mkubwa ameandika jina lake nyuma ya karatasi hii, msilifute.

Ni mimi binti yenu,
Kichwa Kigumu