Samli kwenye Breki za Limi

Jumamosi, Nyasubi. Jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika, upepo wote vumbi. Nakaa niandike, nainuka, nachungulia gereji kama gari bado lipo, narudi.

Mnanijua, mimi ni Mama Limi, na Limi binti yangu ni fundi. Siyo fundi wa kubahatisha. Magari ya zamani ya mbio, yale yanayounguruma mpaka kuku wanakimbia, wenyewe wanamletea yeye kutoka Geita huko. Mimi niliishia la saba, lakini nikianza kueleza diski pana za breki na kalipa za pistoni nne zinazozibana, hata mchungaji ananyamaza anisikilize.

Hili la sasa ni la Baba Kulwa, mnunuzi wa dhahabu wa Masumbwe. Injini aliiongezea nguvu, breki akaziacha zilezile. Juzi kati ng'ombe wakavuka barabara. Akakanyaga, breki zikatoa moshi, gari likaendelea. Kunusurika kwake ni Mungu tu. Ndipo akaja kwa mwanangu.

Leo asubuhi Limi alimaliza kufunga breki mpya. Diski zinang'aa kama sufuria za bibi harusi! Akaenda kuoga, aje alijaribu gari barabara ya Masumbwe.

Nikabaki nalo peke yangu.

Mama yangu mzazi, jembe jipya halikugusa udongo kabla hajalipaka samli. Alisema chuma kipya kina njaa, kilishe kwanza. Basi nikachukua samli, nikapenyeza vidole kwenye nafasi za rimu, nikazipaka diski za mbele, kulia na kushoto, huku namwombea mwanangu. Kisha nikaenda kwa jirani kutamba.

Mama Shija, ambaye mumewe ni dereva wa lori, alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Umepaka breki mafuta?"

"Nimezibariki."

"Mayu wee! Zitashika nini sasa? Si zitateleza!"

Nilikimbia, kandambili moja ikabaki njiani. Gereji tupu. Gari limeondoka. Nikapiga simu yake, ikaita palepale juu ya benchi, kando ya spana.

Sijui nilisimama pale muda gani. Kila nikifumba macho, ng'ombe wanavuka.

Kisha gari likatokea nyuma ya gereji, linatambaa kama linasindikiza msiba. Kumbe mwanangu ana desturi yake. Gari alilolifungua breki halitoi barabarani kabla hajalijaribu uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alikanyaga, halikushika. Akalisimamisha kwa handibreki.

Hakupiga kelele. Aliinama, akanusa gurudumu, akaniangalia.

"Mama, breki zangu zinanukia uji wa mtoto."

Nikasema yote. Pedi, vile vibao vinavyosugua diski, zilishanyonya samli, hazifai tena, ni za kutupa. Nikamsikia anampigia Baba Kulwa: "Shikamoo mzee. Gari ni kesho. Pedi hizi hazijaniridhisha."

Hakunitaja. Mimi ninayemtaja kila ninapopita, yeye hakunitaja.

Mchana kutwa ameosha diski, ameweka pedi nyingine, amejaribu tena uwanjani. Sasa linashika, nimeona kwa macho yangu, pua ya gari inainama kama ng'ombe anayekunywa maji. Mimi nilikaa mbali. Hata chai nilimtumia kwa mkono wa Mama Shija.

Alipomaliza kufunga gereji akaniita. "Mama, lete ile samli."

Nikashtuka.

Akaninyooshea mikono, imechubuka, weusi umeingia hadi kwenye kucha. "Chuma umeshakilisha. Mimi je?"

Nimempaka hadi viwiko. Atanawa vizuri kabla ya kugusa gari, ameniahidi akicheka.

Kesho anatoka nalo barabarani, akimbize na kukanyaga, akimbize na kukanyaga, pedi zizoee diski. Mwanangu anajua kazi yake. Najua anajua.

Lakini mimi nitakaa wapi mpaka arudi?