Moto wa Nyumba ya Mizani

Jumatatu, 13 Januari 1964

Shule imefunguliwa. Darasa la nne limejaa hadi mlangoni, chaki hakuna. Baada ya masomo nimepanda kilimani, kwenye Nyumba ya Mizani, kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Kufagia, kuwasha moto, kukaa mpaka moshi uonekane barabarani, kufunga mlango. Mgongo unaniuma.

Kamati yetu ni watu watatu: mimi, Mzee Saidi fundi cherehani, na Andrea seremala. Watatu wasio na cheo dhidi ya baraza zima. Baraza linataka matofali ya nyumba ile likajenge zahanati upande wa Khayega. Mzungu aliyekuwa akipima dhahabu humo ameshaenda kwao, wanasema, kwa hiyo nyumba haina mwenyewe. Sisi tunasema iachwe isimame, itambuliwe, ubandikwe ubao kwamba watu wetu walichimba hapa.

Wazo la moto ni la Andrea. Kwetu nyumba yenye moto ndani haivunjwi. Diwani ni mtoto wa hapa hapa, anajua hilo hata akijifunga tai.

Mimi sababu yangu si ubao. Mume wangu Zakaria yuko chini ya kilima kile. Alirudi handakini kuchukua sururu, udongo ukamshukia. Kampuni ikaziba mdomo wa handaki na kuendelea na kazi kwingine. Sisi tukazika mgomba badala yake, kama inavyofanywa mwili ukikosekana. Wakivunja nyumba, wakasawazisha, wakapanda mahindi, binti yangu Jeni nitamwonyesha wapi?

Ijumaa, 17 Januari

Zamu ya Mzee Saidi. Mwezi wa Ramadhani umeanza, anafuturu kule kule, tende na maji mbele ya moto. Anasema kuna utulivu. Mimi huo utulivu sijauona. Naona popo na vumbi.

Jumanne, 21 Januari

Nimefika na kuni zangu kichwani, nikakuta moshi unatoka bombani.

Nilikasirika. Watu wawili siku moja, halafu kesho hakuna mtu. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ni mmoja tu, na ulikuwa kwenye mkoba wangu tangu Jumapili. Nilifungua. Hakuna mtu. Moto si wa kuwashwa sasa hivi. Makaa mekundu, mazito, ya moto uliowaka tangu mchana.

Nimemfuata Andrea karakanani kwake. Alikuwa amepiga magoti katikati ya maranda.

"Mwalimu, mimi tangu asubuhi niko na kitanda ya watu hapa. Hiyo moto ningewasha saa ngapi?"

Kesho nitamuuliza Mzee Saidi.

Jumatano, 22 Januari

Mzee Saidi anakana. Akaniuliza kama nakula vizuri siku hizi. Nimechukia sana.

Jumatatu, 27 Januari

Niliwaambia wote wasiwashe. Nilitaka kujua. Leo katikati ya somo la hesabu watoto wakaanza kuchungulia dirishani. Moshi juu ya kilima, mwembamba, umenyooka. Nimewapiga marufuku kutazama nje, kisha mimi mwenyewe nikasimama dirishani mpaka kengele.

Nimeenda moja kwa moja. Kwenye mahali pa moto makaa yamefunikwa majivu, na juu ya majivu limewekwa gae la chungu ili moto ulale bila kuzima. Sisi watatu hatufanyi hivyo. Namjua mtu mmoja tu anayefanya hivyo, Kukhu.

Kukhu ni mama yake Zakaria. Naishi naye, na utadhani ni mama yangu mimi, anavyonifokea. Lakini nyonga yake haimruhusu kufika hata kisimani bila kushikwa mkono. Kile kilima hawezi.

Watoto wake wote aliwafundisha kulaza moto hivyo. Sitaki kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 31 Januari

Kigoda chetu hukaa mbele ya moto. Leo nimekikuta kwenye pembe ya mbali, kimeegemezwa ukutani, kimeuelekea mlango. Tangu aanze kuchimba, Zakaria hakuwahi kuupa mlango mgongo. Hata kanisani alikaa nyuma kabisa. Tulikuwa tunamcheka.

Nimekirudisha mahali pake. Nikatoka kukata majani ya ufagio, hapo hapo ukutani, mlango ukiwa wazi na macho yangu juu yake. Hakupita hata kuku. Niliporudi ndani kigoda kilikuwa pembeni.

Nimeogopa. Natafuta neno zuri zaidi na silipati. Halafu nikafanya jambo la kijinga, nikafagia. Nilifagia chumba chote isipokuwa ile pembe.

Jumatano, 5 Februari

Diwani amekuja na mafundi wawili na utepe wa kupimia. Moto ulikuwa unawaka. Sisi watatu tukajipanga mlangoni kama watoto wanaosubiri chanjo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri kuhusu Uhuru na kumbukumbu. Hakutaka kuisikia. Akaingia peke yake.

Hakukaa. Alitoka kofia ikiwa mkononi.

"Nani huyo mumeweka hapo kona?" akatuuliza. "Namsalimia, ananiangalia tu."

Akatutazama mmoja mmoja, na nikaona anaelewa. Mafundi wakaanza kukunja utepe bila kuambiwa.

"Hii nyumba iko na mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi vunja nyumba na mwenyewe ako ndani. Siku atatoka, mniambie. Watu ya Khayega wanangoja dawa." Akaenda zake kwa miguu, gari likamfuata nyuma.

Andrea alirukaruka. Mzee Saidi aliingia kuongeza kuni. Mimi nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi mno. Nyumba imesimama, na Zakaria yuko ndani, vyote viwili kwa pamoja. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 8 Februari

Nilitaka kumweleza Kukhu polepole. Habari za sokoni zilikuwa zimeshamfikia kabla yangu. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. Aliyoyasema kwa lugha yetu nayaandika hapa kwa sababu yamenikaa kifuani.

"Mliwasha moto siku zote hizo bila kutaja ni wa nani. Mlifikiri nani ataitika?"

Nikasema ni jambo jema, ameonekana, ana mahali.

"Umemfanya mwanangu askari wa kulinda matofali ya mzungu."

Nikamwambia basi tumwite aje nyumbani. Niliropoka tu, kwa hasira. Akacheka, si kicheko cha furaha.

"Aje wapi? Nyumba yake uliiacha ikaliwa na mchwa."

Ni kweli. Nilipopata mshahara wa kuezeka mabati nilihamia huku, na ile ya udongo aliyoijenga Zakaria kwa mikono yake nikaiacha ianguke yenyewe. Pale pana viazi vitamu sasa. Hii ya mabati Zakaria haijui. Hajawahi kuingia.

Kwa mzungu nafagia na kupeleka kuni. Nimekosa usingizi.

Jumapili, 9 Februari

Mahubiri hayakuniingia. Andrea alinishika nje ya kanisa. Ubao ameshauchonga, wa mvule, herufi nzuri kuliko zangu ubaoni. Kukhu amemwambia nilivyosema juu ya kumwita Zakaria. Ananisihi nisifanye kitu. "Si anakaa tu vizuri, Mwalimu? Akitoka leo, kesho lori iko hapo."

Najua. Sikuhitaji kuambiwa na Andrea. Akitoka, nyumba haina kinga. Asipotoka, atakaa kwenye ile pembe akiutazama mlango, na mimi nitazeeka nikimpelekea kuni.

Jumamosi, 15 Februari

Idi. Mzee Saidi ametuletea pilau, bado ya moto. Kukhu amekula kama hajawahi kuona chakula.

Nilimsindikiza Mzee Saidi mpaka barabarani. Hapo ndipo akaniambia kwamba tangu mwanzo wa mfungo, kila zamu yake, alikuwa akiacha tende kando ya moto, za mwenziwe, na asubuhi anakuta kokwa zimepangwa safi juu ya jiwe. Hakuniambia kwa kuwa aliniona nina wasiwasi mwingi. Anazungumza naye. Anamweleza habari za mjini, nani amekufa, nani amepata cheo.

Nikamuuliza kama Zakaria hujibu.

"Hapana. Lakini nikitaja jina lako na la Jeni, moto unapanda."

Nimelia barabarani, watu wakipita. Mzee Saidi alinipa leso yake. Akasema kama ni yeye, angetaka kurudi kwao.

Jumamosi, 22 Februari

Tumeng'oa viazi. Msingi wa zamani bado upo chini, unaonekana kwa rangi ya udongo. Tumefuata mstari ule ule kusimamisha nyumba ya Zakaria upya.

Sikumwalika Andrea, nilimwonea haya. Amekuja mwenyewe na fito begani, hakunisalimia. Amefanya kazi kutwa nzima, akaweka mlango na komeo zuri la mti. Wanawake wa jirani wamekandika kuta. Hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani. Walipomaliza walinawa mikono na kuondoka haraka, chai yangu wakaiacha.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefanya.

Tulipanda kilimani jua likiwa linashuka. Kukhu alikataa kubaki. Andrea alimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma, na Kukhu akimlaumu kwa kila jiwe njiani.

Moto ulikuwa unawaka. Kigoda pembeni. Nilisimama katikati ya chumba. Nimesomesha watoto wa watu miaka yote hii na sikuweza kutaja jina moja. Nilipolitaja likatoka kali.

"Usimwite kama mwanafunzi wako," Kukhu akasema kutoka mlangoni.

Nikaita tena. Nikamwambia, Zakaria, nyumba yako iko tayari, mahali pale pale. Mama amekuja kukuchukua. Mimi nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani.

Moto haukupanda. Ulishuka. Ulishuka taratibu kama taa inayoishiwa mafuta, tukabaki na giza na harufu ya majivu. Baridi ikaingia. Nilijua hapo hapo kwamba nyumba ile imebaki tupu. Sijui nilijuaje.

Njiani hatukugeuka nyuma. Kukhu alikuwa ameonya. Andrea alihema akishuka mteremko kana kwamba anapanda, nikasikia baiskeli ikilia kwa uzito. Hatua nilizisikia pia. Sikuhesabu ni za nani.

Kwenye njia panda Mzee Saidi alikuwa amesimama. Akatupisha. Akatusalimia sisi watatu, kisha macho yake yakapita bega langu, akatabasamu na kusema, "Habari za siku nyingi."

Kukhu akanifinya mkono ili nisigeuke.

Jumanne, 3 Machi

Kilimani hakuna moshi. Nimeutafuta tangu alfajiri.

Lori lilikuja kabla ya mapumziko; moshi ulipokosekana, Diwani hakuhitaji kuambiwa. Diwani alikuwa amevua koti, anabeba matofali na vibarua wake. Ndani aliingia bila woga wowote, nilimwona akitoka na kigoda chetu na kukitupa juu ya kuni. Bomba la moshi ndilo lililoanguka kwanza. Watoto walishangilia. Sikuwakataza.

Nimeenda baada ya masomo. Nusu ya ukuta wa mbele bado. Matofali yanapangwa vizuri, lazima nikiri, hawayavunji ovyo. Diwani alinisogelea akasema zahanati itakuwa na chumba cha akina mama. Nikamwambia asante. Nilimaanisha, na bado nilitaka kumpiga teke.

Nimelia kwa ajili ya nyumba ya mzungu. Acha nicheke mwenyewe kabla ya wengine. Ilistahili kubaki. Ilikuwa nzuri, na watu wetu waliijenga tofali kwa tofali, na ni mimi niliyeitoa. Andrea amegeuza ubao wake ukatazama ukuta. Leo nilipita karakana, nikamshikia mbao akipiga randa. Mwishowe akanipa chai.

Jumapili, 8 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha tangu jioni mpaka karibu na kukucha. Kukhu alilalamikia nyonga, nikamlaza kitandani kwangu, kwenye nyumba ya mabati. Amelala fofofo. Kwa muda mrefu sijamsikia akilala namna hiyo.

Asubuhi nimepika uji. Nikapeleka bakuli kwenye nyumba ya udongo, kama Kukhu alivyonielekeza. Kuta zimeloa lakini zimeshika. Nyasi za paa zinanukia.

Mlango ulikuwa umefungwa. Niliusukuma kidogo, kisha kwa bega. Umepigwa komeo kwa ndani.

Nimesimama pale uji ukipoa. Niliinua mkono nibishe. Kisha nikakumbuka kwamba Zakaria hakupenda kuamshwa Jumapili. Nimeweka bakuli kizingitini, nikalifunika na sahani, nikaenda kanisani peke yangu.