Tangazo Langu Limetaja Hadi Pasi, Baba Hayumo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ukitaka kucheka we cheka tu, maana hata mimi nikisimulia naanza kwa kucheka halafu mwisho wake najikuta natazama sakafu. Mimi ni mshereheshaji wa harusi, watu wananiita Kipaza, kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kumtambulisha kila mtu mpaka mama yake mzazi anashangaa kumbe alizaa mtu wa maana hivyo, mjomba wa bibi harusi ambaye maishani hajafanya lolote zaidi ya kulala mchana mimi namwita nguzo ya ukoo na ukumbi mzima unasimama kupiga makofi, kwa hiyo nilipoamua kupangisha kwetu kwa wageni wa siku chache nikajiambia tangazo haliwezi kunishinda, maneno ninayo, tena ya kumwaga.

Naishi na baba. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, nyumba ina vyumba vitatu, paa linavuja upande wa sebule, na harusi nazo zina msimu wake. Nilimwambia baba tupangishe chumba kimoja tu, kile cha mbele, akafikiri siku mbili nzima kisha akasema sawa, ila mgeni aambiwe asiguse redio ya sebuleni. Baba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja, mtu wa maneno machache, hata kijiko ukikirudisha kwenye droo isiyo yake anajua.

Basi nikakaa nikaandika tangazo la kwanza, na aibu yangu nakupa yote: "Karibu katika kasri la utulivu, ambako upepo mwanana hukukumbatia na bustani ya kifalme hukuamkia kila asubuhi." Upepo mwanana ni dirisha la chumba cha mbele lililokuwa halifungi. Bustani ya kifalme ni ndoo tatu za maua aliyoyaacha mama. Dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani na hana muda wa kumbembeleza mtu, alisoma akanirudishia simu. "Hapa unapangisha chumba au unamwingiza bwana harusi ukumbini?" Mwezi mzima alikuja mgeni mmoja tu, akaacha maoni kwamba upepo mwanana upo kweli, unaingia muda wote kwa sababu dirisha halifungi, na bustani aliitafuta mpaka akaikanyaga.

Nikameza mate, nikarekebisha dirisha, nikaanza kusoma matangazo ya wenzangu. Nikaona wanaopata wageni wanaandika kwa kifupi, na karibu wote wana maneno manne yale yale: nyumba nzima ni yako. Sasa mtandao wenyewe wa kupangishia, unapojaza tangazo, unakuuliza swali, je, kuna mtu mwingine anayeishi ndani ya nyumba hii, na chini kuna Ndiyo na Hapana. Mshauri, baba alikuwa sebuleni, namsikia kabisa anakohoa na redio yake, na kidole changu kikaenda kwenye Hapana. Nikaandika vyumba vitatu, dakika sita kwa miguu kutoka kituo cha basi, pasi, birika la umeme, taulo nne, ndoo ya akiba bafuni, hata vibanio vya nguo nilivitaja. Wageni wakamiminika.

Utauliza baba nilimpeleka wapi. Nilimwambia baba kwamba dada amemkumbuka, nikamwambia dada kwamba baba amemkumbuka, wote wawili wakaguswa, baba akaenda kulala kwa dada siku tatu, safari ya pili siku tano, na mimi nikajibanza kwa rafiki yangu mpiga picha, kwenye kochi linaloniishia magotini, nikijiona mjanja wa dunia. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba baba kila asubuhi alirudi kumwagilia yale maua kwa sababu hamwamini mtu mwingine nayo. Wageni wa mwisho wakaandika hivi: "Nyumba safi. Kuna mzee mtunza bustani anakuja asubuhi, mpole, hasemi sana, alitutengenezea mlango wa bafu uliokuwa unakwama. Nyota tano." Na mimi, kwa kidole hiki hiki, nikajibu hadharani: "Asante sana! Tunajivunia wahudumu wetu."

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula kwa dada. Dada kwa furaha yake akafungua simu amsomee baba jinsi watu wanavyoisifia nyumba, akasoma kwa sauti ya juu mpaka alipofika kwa mtunza bustani, hapo sauti ikamshuka. Baba akaiomba simu. Akavaa miwani, akaomba karatasi na kalamu, akanakili tangazo lote neno kwa neno, akasimama, akasema twendeni nyumbani. Tukamfuata. Akaanza kukagua chumba kwa chumba: pasi, akaweka tiki; birika, tiki; vibanio, akavihesabu, tiki. Kisha akaja niliposimama mimi.

"Orodha nzuri," akasema. "Ila taulo ziko tatu."

"Moja iko kwenye kamba, baba."

"Haya." Akaweka tiki. "Na kuna kimoja kipo ndani, hakijaandikwa."

Nikamuuliza ni kipi. Mshauri, niliuliza kweli, mdomo wangu mimi!

"Mimi hapa. Stoo tulikuwa na utaratibu. Kitu kikiwepo na hakimo kwenye orodha, ama kiandikwe, ama kitolewe. Sasa mwanangu, amua wewe."

Dada aligeukia ukutani. Mimi nikacheka. Nilicheka, mshauri, kile kicheko changu cha ukumbini umeme unapokatika, na baba akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo hajanigombeza hata kidogo, na ndicho kinachonimaliza. Ila jana alisimama mlangoni pa sebule yake mwenyewe akapiga hodi, akasubiri nimwambie karibu. Ijumaa hii inakuja familia ya watu wanne kwa siku kumi, wameandikiwa nyumba nzima, na safari hii sikuhitaji kusema uongo wowote, kwa sababu baba amefunga begi mwenyewe na kuliweka karibu na mlango wa chumba chake. Je, nilifute tangazo, au kuna namna ya kuliandika wageni wasikimbie na baba asiondoke? Nipe maneno. Yangu yote yamekauka.

Ni mimi, Kipaza.

*

Kipaza,

Barua yako imenichekesha mara nne. Mara ya tano nikashtuka kwamba unanichekesha makusudi, ili nikifika mahali pa kukukaripia niwe nimeshakuonea huruma. Umeniweza kidogo, lakini si sana.

Tuanze na uongo uliobaki ndani ya barua yenyewe. Unaandika kana kwamba baba yako alisahaulika, na anayesahau huwa hahami kwenda kulala kwenye kochi la mpiga picha. Uliulizwa swali la wazi, ukamsikia mzee akikohoa, ukabonyeza Hapana. Huko ni kumficha, na ulimficha kwa sababu ulidhani mzee mwenye redio anaiharibu nyumba yako machoni pa wageni. Na tena nyumba si yako, ni yake! Wewe unayewapandisha vyeo wajomba wa watu kila Jumamosi, ulipofika zamu ya baba yako mwenyewe ukamtambulisha kama mhudumu. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Haya, nimeshakufinya. Pole, maana naona unaumia, na mtu asiyejali asingeiona ile hodi.

Sasa maneno uliyoomba. Kazi yako ya ukumbini na kazi ya tangazo haziendani, na ndiyo maana ulianguka mara mbili. Ukumbini watu wamekwisha kuja, wanakula, unawapamba ili wafurahi. Mgeni wa nyumba bado yuko mbali, ana mabegi na wasiwasi wake, anataka kujua atakachokikuta akifungua mlango. Mimi mwenyewe niliwahi kulala siku nne kwenye "nyumba tulivu" iliyopakana na fundi mabati. Nyundo ningeivumilia kama ningeambiwa mapema. Nilichoshindwa kumsamehe mwenye nyumba ni lile neno tulivu. Kwa hiyo kasoro itaje wewe kabla mgeni hajaikuta, na sifa iandike kwa kitu kinachoonekana. Dakika sita kwa miguu ulipatia. Upepo mwanana, hapana. Na mtu anayeishi ndani ya nyumba anatajwa juu kabisa, kabla ya pasi, kwa sababu wapo wageni wasiotaka kukaa na mtu na wana haki ya kwenda kwingine, na wapo ambao wakisikia kuna mzee mpole anayejua kutengeneza mlango wa bafu watakuja haraka.

Ningeandika hivi: "Chumba cha mbele katika nyumba ya vyumba vitatu. Mwenye nyumba anaishi humu: mtunza stoo mstaafu, mpole, si msemaji. Redio ya sebuleni ni yake, tafadhali usiiguse. Mwanawe naye yumo, anasema sana, ruksa kumwambia anyamaze. Mvua ikiwa kubwa sebule inavuja upande mmoja, beseni lipo. Kituo cha basi ni dakika sita kwa miguu. Ndoo tatu za maua uani: anazimwagilia mwenye nyumba peke yake."

Wageni watapungua, nakwambia ukweli. Watakaokuja watakuwa wamekuja kwenu, si kwenye kasri lako la kichwani.

Lakini tangazo hilo usilipandishe bado. Mpe baba yako karatasi na kalamu, akate anachotaka kukata. Huenda hapendi kuitwa mpole, huenda hataki miaka yake ya stoo isomwe na watu baki. Huenda baada ya yote haya hataki mgeni tena, na akisema hivyo utalifuta tangazo siku hiyo hiyo bila kununa na bila kumkumbusha habari ya paa. Alikubali chumba kimoja, akafikiri siku mbili. Wewe ndiye uliyempangishia nyumba nzima chini ya miguu yake.

Ile familia ya Ijumaa wapigie simu leo, si kesho. Waambie uliandika uongo, nyumba ina mwenyewe na yuko ndani, wachague kuja kukaa chumba kimoja au kutafuta pengine, na uwasaidie kutafuta. Watakukasirikia. Vumilia, umeyataka. Halafu nenda pale ulipowashukuru wageni kwa kumsifu "mhudumu", uandike hapo hapo hadharani kwamba yule ni baba yako na kwamba nyumba ni yake. Dada yako naye mwombe radhi kivyake. Uongo wako aliubeba akidhani ni mapenzi.

Lakini kabla ya hayo yote, weka gazeti hili chini uende kwa mzee. Piga hodi wewe. Akikukaribisha, usianze na utani, usimpambe, usimweleze mtandao unavyofanya kazi wala msimu wa harusi ulivyo mbaya. Mwambie, "Nimekosa, baba," halafu unyamaze. Najua kwa mtu wa kazi yako ukimya ni adhabu, nawe hata ukiwa mrefu usiujaze. Anayefuata kuzungumza ni yeye.