Damu Inayobaki Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Sampuli tisa za damu leo hapa maabara ya hospitali. Kisanduku nimekijaza maji yake ya chumvi, karatasi nimeilowesha, matone nimeyapanga upande wa hasi. Ukiwasha umeme, ile rangi nyekundu ya damu inavutwa kuelekea chanya, maana chembe zake zina chaji hasi. Ya mtu mwenye afya, tunayoiita A, inatangulia. Ya mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tunaiita S, inabaki nyuma. Mwaka wa saba nafanya kazi hii.

Nimerudi nyumbani nikakuta mwanangu Zaina amevimba mikono na miguu. Ana mwaka mmoja na nusu. Mama mkwe anasema ni baridi ya Juni. Nimeitikia tu. Kuvimba huku nakujua, nimekuona kwa watoto wa wenzangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimemtoboa kidole kabla ya kwenda kazini. Chupa nimeiandika namba, bila jina. Mume wangu sijamwambia, alishatoka kwenda kwenye kabichi zake. Kila wiki nawahimiza wachumba wapime kabla ya ndoa. Sisi hatukupima. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi naona ni ujinga tu.

Saa nzima, karatasi nyeupe. Nyaya nilizigeuza! Nyekundu mahali pa nyeusi. Damu ya mwanangu imerudi kinyume, ikatoka ukingoni, ikapotelea majini. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudia na damu iliyobaki. Nyaya nimezikagua mara tatu. Dakika ya ishirini umeme ukakatika. Jenereta ni ya chumba cha upasuaji tu. Bila umeme chembe hazina wa kuzivuta, zinasambaa ovyo kwenye unyevu. Limebaki doa moja pana, halina mbele wala nyuma.

Nikawaza niandike A. Nani angejua? Nimeshika kalamu kabisa.

Sista Agata, mkuu wetu wa maabara, alikuwa nyuma yangu. "Mama Zaina, hiyo haisomeki."

Nikamwambia ni ya nani.

"Pole, mwanangu. Lete nyingine kesho. Nitapima mimi, wewe utakaa."

Alhamisi, 6 Juni

Zaina hataki kukanyaga. Nimemtoboa tena, baba yake akaniona. Nimesema napima malaria. Sijawahi kumdanganya hivi.

Umeme umerudi mchana. Sista ameweka damu ya mtu mwenye afya kushoto, ya Zaina kando yake. Nilikatazwa kugusa, sikukatazwa kutazama. Tone la kushoto likasogea. La Zaina likasogea pia, polepole mno. Nikawa nalihimiza moyoni: twende mama, twende. Likaachwa. Mahali pa A hapakuwa na kitu.

Sista akazima swichi. Sijui nilifikaje nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Mume wangu alipotoka msikitini nimemwambia yote, na uongo wa malaria pia. Mama mkwe akauliza ugonjwa umetoka ukoo wa nani. Swali hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu Jumatatu. Nikaeleza: mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja, lazima kila mmoja ampe nusu yake.

Mume wangu akamgeukia mama yake. Kisha akasema, "Mama, ni kwangu na kwa mwenzangu. Usimuulize tena." Mama mkwe akaenda jikoni kuchemsha maji.

Kliniki ni Jumanne. Vidonge vya foliki vya kuongeza damu kila siku, maji mengi, asipigwe baridi, homa ikipanda tusingoje kupambazuke.

Sasa baba yake ameketi sakafuni anamvisha soksi. Anazipitisha taratibu kwenye vidole vilivyovimba, anasimama kila mtoto akikunja uso. Bado naogopa. Leo tunaogopa wawili. Nimeleta blanketi la pili.