Fito za Nyumba ya Kaaha

Jumatatu, 6 Machi 1967

Qali, jamaa yetu, amefika na lori kutoka Griftu, ana habari za binti yangu. Kaaha wangu miguu imevimba, viatu haviingii. Mimba ya kwanza, mwezi wa tisa, na mume wake askari walimchukua tangu Ramadhani. Kaaha yuko ndani ya kile kijiji walichozungushiwa waya na askari, hakuna kutoka. Anasema tu, hooyo, mama yangu, aje.

Nitakwendaje? Vita hivi, bila karatasi ya serikali, barabarani ni risasi.

Naandika kwenye daftari la shule la Kaaha. Kusoma na kuandika alinifundisha yeye, jioni akitoka darasani, ndiyo maana naandika Kiswahili.

Jumanne, 7 Machi

Nimefua nguo za Daktari wa mifugo. Ni yule Mzungu anayelala kwenye karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na Landirova. Ijumaa anakwenda Griftu kuchanja ng'ombe, pamoja na msafara wa askari. Lakini sakafu ya bafu lake imeoza. Ukikanyaga inabonyea kama godoro. Mutinda, dereva wake, anasema barabara ile itaiangusha pamoja na mabomba. Na fundi hakuna. Awil seremala alikamatwa kwenye msako.

Nikasema nitaitengeneza mimi. Mutinda akacheka. Mama Kaaha, wewe ni fundi wa sabuni. Nikamuuliza, kwenu nyumba anajenga nani? Kwetu anajenga mwanamke.

Daktari hakucheka. Amesema ikishika ataniandikia karatasi kwamba mimi mfuaji wake, nipande naye mpaka Griftu.

Jumatano, 8 Machi

Mbao hakuna mjini. Nimetoa fito za nyumba ya Kaaha. Mizizi ya mgunga, niliipinda mwenyewe kwa moto, miaka miwili, iwe nyumba yake ya arusi. Vita vikaja, akaolewa bila nyumba.

Nimezipanga chini ya sakafu, karibu karibu, nikafunga kwa ngozi mbichi ya ngamia. Ngozi ikikauka hukaza kama chuma, na jua hili haliicheleweshi. Alasiri Mutinda ameruka juu yake mara tatu, na tumbo lake lile. Haikulia hata kidogo.

Nimefunga mzigo. Unga, samli, shuka ya kubebea mtoto.

Alhamisi, 9 Machi

Daktari ameoga asubuhi.

Maji — sikufikiria maji. Nyumba zetu nani anaoga ndani? Ngozi imelowa, imelegea, fito zimeachana, mguu wake umepita mpaka chini. Bati limemkata. Nyuzi saba. Dresa wa hospitali amesema asikanyagie mguu huo kwa wiki nzima.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 10 Machi

Msafara umeondoka bila sisi. Mwingine ni Ijumaa ijayo. Sikula.

Jumapili, 12 Machi

Muslimo, jirani yangu, mtu wa mtoni, amekuja kuona. Akashika ile ngozi, akatikisa kichwa. Dada, hii ni ya mahali pakavu. Sisi tunaoishi na maji tunafunga kwa kamba ya majani ya mkoma, ikilowa ndiyo inakaza. Miaka kumi na moja tunapakana, na sikwenda kumuuliza.

Tumesokota kamba kutwa. Vidole vimechubuka. Fito zile zile, tumezifunga upya. Juu tumepigilia mbao za sanduku la chanjo, na lami kidogo Mutinda aliyoiomba kwa watu wa barabara. Safari hii hakutania.

Ya Rabi, mshikilie Kaaha mpaka nifike.

Jumatano, 15 Machi

Nimemwaga madebe matatu. Imekaza. Daktari anachechemea lakini keshokutwa tunaondoka. Karatasi ninayo kifuani.

Mchana Shurie, karani wa redio pale polisi, ameniita. Habari za Griftu. Kaaha amejifungua Jumamosi. Msichana, mzima. Anakunywa maziwa ya mbuzi.

Nikauliza, na Kaaha? Akasema redio ilikuwa na kelele. Nikauliza tena. Akasema, walaal, dada yangu, Ijumaa si unakwenda, utajionea. Alikuwa anaitazama kalamu yake.

Maziwa ya mbuzi.

Labda yake hayajatoka. Yangu pia yalichelewa nilipomzaa yeye. Siku tatu. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Leo Jumatano. Na miguu ilikuwa imevimba, mtu akivimba maziwa huchelewa zaidi, nimeshaona. Nimeongeza samli kwenye mzigo, mzazi anahitaji samli.

Nimerudi kwenye karavani na debe la nne. Mutinda amesimama mlangoni. Anasema, mama, imetosha, imeshika hiyo. Namwaga polepole. Fito za Kaaha hazisogei.

Nimemwambia alete debe jingine.