Shangazi Amepata Mkeka

Amherst, Jumapili, 8 Novemba 2015. Asubuhi baridi kavu, jua lisilo na joto, upepo wa ziwani.

Kaka Melkiori,

Nimerudi jana kutoka Louisville. Mbwa wako sikurudi naye. Usinikasirikie kabla hujasoma hadi mwisho.

Tangu tukuzike, kila ninapotaka kuandika habari zako mkono unaandika habari za Shangazi. Labda kwa sababu yeye bado anaweza kusaidiwa.

Unakumbuka siku tulipokwenda kumchukua? Walimweka kwenye chumba cha sementi pamoja na mbwa wengine wasio na wenyewe, naye kageuza uso ukutani. Wakatuambia ana akili sana ila anaogopa watu. Hukumwita. Ulikaa sakafuni, ukampa mgongo, ukaanza kula ndizi yako. Kabla ndizi haijaisha pua yake ilikuwa begani mwako. Nikakuuliza kwa nini unampa mbwa jina la mtu wa heshima. Ukasema, "Mtazame. Anakaa pembeni, hasemi neno, na hakuna kinachompita. Huyu kama si shangazi ni nani?"

Ukivaa viatu vya kanisani alirudi kulala, maana alijua utarudi mapema. Ukivaa vile vizito vya kiwandani Tonawanda, alikusindikiza mlangoni na kubaki pale pale hadi urudi.

Siku ya kuondoa matanga wazee waligawa vitu vyako. Koti, redio, kisha wakafika kwa Shangazi. Mimi unajua nisingeweza kumchukua. Bibi ninayemtunza na kulala kwake ana pumu. Wakasema mnyama wa marehemu huenda kwa mkubwa wa ukoo, kama mbuzi kule nyumbani, basi ni wa Baba Mdogo anayeishi Columbus. Nikasema tuangalie kwanza mbwa mwenyewe anamwendea nani.

"Mbwa naye apige kura?" mzee mmoja akauliza.

Walicheka sana. Baba Mdogo akajifanya kununa: "Yaani nasafiri safari yote hiyo na dada yangu mwenye mkia?" Nikacheka na mimi, Kaka. Mara ya kwanza tangu ufe. Kisha nikaona aibu.

Baba Mdogo si mtu mbaya. Lakini nyumba yake ina watoto, televisheni na wageni wa kwaya, na kila aingiaye anamwinamia Shangazi na kumpigia makofi aje. Alihamia nyuma ya mashine ya kufulia. Hakula mpaka watu walale. Akajifunza kushusha kitasa kwa mguu, akatoka, wakamkuta barabarani. Ndipo Baba Mdogo akanipigia. "Mwanangu, huyu ana akili kunizidi, lakini hapa kwangu anakufa. Mrudishe mlikomtoa."

Nikaiona ile sementi. Ulikuwa umeshaishiwa nguvu hospitalini, na bado ulinishika mkono ukasema, "Kule asirudi." Nilikuitikia. Sikujua nitampeleka wapi.

Nikapanda basi hadi Columbus kumchukua. Baba Mdogo alikuwa anakwenda Louisville kumsalimu Mama Spesioza, jirani yetu wa kule kambi ya wakimbizi, ambaye sasa anaishi peke yake. Akasema twende wote, mama yule hajanipa pole ya msiba wako ana kwa ana. Shangazi tukamweka kiti cha nyuma cha gari lake. Alitetemeka njia nzima.

Mama Spesioza alinikumbatia, tukalia. Kisha akamwona mbwa. "Mimi na mbwa hatujuani," akasema. "Akae kivyake, na mimi kivyangu." Viti vyake ni vya wageni, yeye huketi mkekani. Akaketi, akatupa mgongo, akaanza kuchagua maharage ya kutupikia, huku akiimba kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa chini ya meza. Akatoa kichwa. Akakirudisha. Akatoka hatua moja moja, mpaka pua yake ikamgusa yule mama begani.

Mama hakugeuka. "Karibu, mama. Lakini maharage huyali."

Nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie. Miezi yote uliyokuwa hospitalini, nilipokwenda kwako kumlisha na kumlaza, kwangu hakufanya vile hata mara moja. Mimi nilikuwa namwita, namwita tu.

Nilipotoka, Baba Mdogo alikuwa amevua kofia. "Haya," akasema, "kura imepigwa." Mama Spesioza akauliza kura gani, tukamweleza. Akachagua maharage kwanza. Kisha akasema nyumba yake ni tulivu mno kwa mtu mmoja.

Viatu vyako vya kiwandani nilikuwa nimevibeba, nikaviacha mlangoni kwake. Ningejua nisingeviacha. Shangazi alivinusa, akajilaza kando yake kukungoja. Jana Mama Spesioza alinipigia: usiku kucha hakutoka hapo.

Hospitalini uliniuliza kila jioni, "Shangazi amelala saa ngapi?" Nikikutajia saa ndipo unapofumba macho. Jioni ya mwisho hukuuliza. Nilikutajia hivyo hivyo.

Kwaheri, Kaka yangu. Kule hatarudi, nimehakikisha. Nitakuwa nauliza kila Jumapili badala yako, na nitaandika hapa.

Mdogo wako,
Goreti

Nilikuwa nimeshafunga daftari tangu asubuhi, usiku huu Mama Spesioza akapiga simu. Shangazi ameviacha viatu, amekwenda mwenyewe mkekani. Amelala saa tatu na nusu usiku.

Lala na wewe.