Kamba ya Mama Kavira

Butembo, siku ya ine.

Mpaka sasa ile kamba inanikasirisha. Mama Kavira ametoka Kalunguta, ameleta ku hospitali yetu mutoto wake mugonjwa: kidonda ku mugulu, imevimba, na juu ya goti amefunga kamba nguvu, eti uvimbe isipande.

Mimi muuguzi nikamuambia: «Mama, chembe nyeupe za damu ni kama batu ba pikipiki. Karibu na kidonda, ukuta ya mushipa inanata kama matope. Banapunguza mwendo, banashika ukuta, banapenya kwenda kupiga microbe, vidudu vya ugonjwa. Kamba yako ni barrière, inafunga barabara ya damu.»

Akaikata yeye mwenyewe.

Niliogopa, vidole vya ule mugulu vilikuwa baridi. Mais mangaribi vilipata moto, na nikasikia Mama Kavira anaambia mama wa kitanda ya pembeni: «Hapana funga kamba, dada. Acha batu ba piki bapite.»